Mpango wa Kupiga Video ya Wimbo: Maneno Yake na Kazi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa shule na vyuo huzifanya kwa wingi siku hizi ni kutengeneza video za nyimbo. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wachache wenye mitambo. Televisheni ya Zanzibar ilianza katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kamera zilikuwa mali ya mashirika, na lugha ya kamera ilikuwa ya wale waliobahatika kuisomea. Leo simu ya mfukoni hupiga picha zinazofaa kuonyeshwa hadharani, na kikundi cha wanafunzi 10 chaweza kupanga, kupiga na kuhariri video kwa muda wa juma moja. Kazi imeingia mikononi mwa wengi, lakini maneno yake bado hayajatulia. Vijana huifanya kazi kwa mchanganyiko wa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mitaani, nao huelewana vizuri maadamu wote wamesimama mbele ya kamera moja. Taabu huanza pale wanapotakiwa kuandika.

Makala haya hayakusudii kufundisha upigaji wa video. Yanakusudia kuonyesha jinsi istilahi za kazi hiyo zinavyoweza kuchaguliwa, kwa kuutazama waraka mmoja tu, nao ni mpango wa siku ya upigaji. Tumeuchagua waraka huu kwa sababu kila mstari wake ni agizo kwa mtu fulani: huyu aje saa fulani, yule alete taa, wa tatu aombe kibali. Neno lenye maana mbili katika shairi laweza kuwa pambo. Katika mpango ni hasara. Kwa hiyo, swali ambalo tungependa mfasiri na mwalimu walishike tangu mwanzo ni hili: nani atausoma mstari huu, naye atafanya nini baada ya kuusoma?

Mpango wa kurasa tatu

Si muda mrefu uliopita tuliletewa mpango ulioandikwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha pwani. Walikuwa na wimbo wao wenye urefu wa dakika 3 na sekunde 30, na walihitaji kuupigia video kama kazi yao ya kumalizia mwaka. Kamera waliiazima kwa siku moja. Mpango ulikuwa na kurasa tatu, umeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kwa mtazamo wa kwanza haukuwa na kosa. Hata hivyo siku yenyewe iliharibika mara tatu, na kila mara chanzo kilikuwa neno.

Mara ya kwanza ilitokana na barua ya kibali. Wanafunzi waliiandikia ofisi inayotunza magofu ya kale wakiomba ruhusa ya “kupiga picha” mahali pale. Ofisi ilitoa ruhusa kwa moyo safi, kama inavyowapa wageni wanaokuja na kamera zao shingoni. Asubuhi ya siku hiyo walifika watu 14, spika mbili, jenereta na taa. Mlinzi alikitazama kibali, akawatazama watu, akawarudisha. Hatuwezi kumlaumu mlinzi wala ofisi yake, kwa sababu barua iliomba jambo moja na watu wakaja kufanya jingine.

Mara ya pili ilitokana na saa. Mwandishi wa mpango alinakili nyakati kutoka katika simu yake, akaandika kwamba wachezaji wafike “06:00”. Kiongozi wa wachezaji aliisoma namba hiyo kama ilivyo, akawaambia wenzake kuwa ni saa sita. Walifika adhuhuri, wakati jua li utosini na wenzao wamekwisha fukuzwa magofuni.

Mara ya tatu ndiyo iliyowaumiza zaidi. Mpango ulisema kwamba jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 12, zitapigwa “picha 24” ufukweni. Aliyepanga muda alihesabu dakika 5 kwa kila picha, akapata dakika 120, yaani saa 2 kamili. Lakini mwongozaji, alipoandika “picha 24”, alikuwa na maana ya sehemu 24 tofauti za video, na kila moja alikusudia kuirudia mara 3 ili achague iliyo bora. Kwa hesabu yake kamera ilipaswa kuwashwa mara 72, nazo kwa dakika 5 kila moja ni saa 6. Jua lilipotua walikuwa wamepata sehemu 8 tu. Kamera ikarudishwa kwa mwenyewe.

Neno “picha” na kitenzi “kupiga”

Ni dhahiri kwamba neno “picha” limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Katika mpango ule tulilikuta likiwa na maana tano: picha iliyoganda kama ya kitambulisho, picha inayotembea, sehemu moja ya video, zamu moja ya kuwasha na kuzima kamera, na hata video nzima baada ya kukamilika. Kitenzi “kupiga” nacho ni mtumishi wa kila nyumba: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga ngoma, tunapiga kura. Huo ni utajiri wa lugha yetu, wala hatupendekezi kuupunguza. Lakini katika video ya wimbo hukutana mapigo ya namna mbili kwa wakati mmoja, yaani kupiga picha na kupiga muziki. Barua inayosema “tutapiga kuanzia saa 3” humwacha msomaji akijiuliza kama anaombwa kuruhusu kamera au dansi.

Kwa upande wa ofisi, tiba ya utata huu imo tayari katika lugha, nayo ni kutenganisha picha mnato na picha jongefu. Picha mnato ni ile iliyoganda. Picha jongefu ni ile inayotembea, iwe ya filamu, ya televisheni au ya video. Laiti barua ya wanafunzi ingesema “kupiga picha jongefu za video ya wimbo, tukiwa watu 14, pamoja na spika na jenereta”, afisa angejua mara moja anaombwa nini, na kama hana mamlaka ya kukubali angewaelekeza kwa mwenye mamlaka. Vijana wa mitaani huiita video ya wimbo “kichupa”, na neno hilo limekwisha ingia katika magazeti. Halina madhara katika mazungumzo. Katika barua ya serikali, lakini, tunashauri “video ya wimbo”, kwa kuwa msomaji asiyefuatilia muziki atalielewa bila kuuliza.

Utata una madhara wapi?

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze kanuni. Wako wanaodhani kwamba istilahi nzuri ni ile isiyo na maana nyingine popote katika lugha. Tukiifuata rai hiyo hatutapata istilahi hata moja, kwa kuwa maneno ya lugha hai yote yana ndugu na jamaa. Jambo la kuangalia ni kama maana hizo mbili hukutana mahali pamoja pa kazi.

Tuchukue mifano mitatu. Vijana wengi huiita sehemu moja ya video “shoti”. Neno hili ni fupi, lina umbo la Kiswahili, na lingefaa sana kama lisingekuwa na mwenyewe. Lakini fundi umeme aliye karibu na jenereta akisikia mtu anapaza sauti “shoti!”, atakimbilia kuzima mtambo, kwani kwake shoti ni hitilafu ya nyaya kugusana, inayoweza kuunguza nyumba. Maana mbili zinakutana penye nyaya, maji na watu. Neno hili tuliache kwa mafundi umeme.

Mfano wa pili ni “pigo”, ambalo baadhi ya walimu wamelipendekeza kwa sababu linatokana na kupiga. Katika filamu ya kawaida labda lingefaa. Katika video ya wimbo halifai, kwa kuwa wachezaji huhesabu mapigo ya muziki. Mwongozaji akisema “tuanze pigo la nne”, mpiga picha atafungua orodha yake na mchezaji atasubiri mdundo.

Mfano wa tatu ni “fremu”. Picha jongefu ni mfululizo wa picha ndogo zilizoganda, zinazopita upesi hata jicho likaziona kama mwendo mmoja. Kila moja ya picha hizo huitwa fremu. Katika miji yetu fremu pia ni chumba cha duka kinachopangishwa, na ni mbao za mlango. Je, tuliache neno hili? La hasha. Hakuna mtu anayepangisha duka katikati ya upigaji wa video, wala hakuna mpiga picha atakayemwelewa vibaya mwenzake. Maana hizo hazikutani, basi hazigombani.

Kipande, mara na kituo

Tukirudi kwenye zile “picha 24”, tunaona kwamba mpango ulihitaji maneno matatu, nao ulikuwa na moja. Tunapendekeza yafuatayo.

Kipande ni sehemu moja ya video kama ilivyokusudiwa na mwongozaji: mwimbaji anatembea kutoka mtumbwini hadi kwenye mnazi, kamera ikimfuata. Neno hili ni jepesi na lina wingi wake, vipande. Aidha, linamfaa mhariri, ambaye kazi yake ni kuviunga vipande viwe kitu kimoja. Orodha yake itaitwa orodha ya vipande.

Mara ni kila zamu ambayo kamera huwashwa ili kukipata kipande hicho. Wapo waliopendekeza “rudio”, lakini zamu ya kwanza haiwezi kuitwa rudio, maana hakuna kinachorudiwa. Kiswahili tayari husema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Basi mwenye kibao akisimama mbele ya kamera atasema, “Kipande cha saba, mara ya tatu,” na kila mtu, hata mpishi wa kikundi, ataelewa.

Kituo ni mahali kamera inaposimamishwa pamoja na taa zake. Vipande kadhaa vyaweza kupigwa kutoka kituo kimoja. Jambo hili ni muhimu katika upangaji wa muda, kwa kuwa linalokula saa nyingi aghalabu ni kuhama: kung'oa miguu ya kamera, kuvuta nyaya, kupanga taa upya. Mpangaji mwenye busara hafuati mfuatano wa wimbo. Huvikusanya vipande vyote vya kituo kimoja akavimaliza, ndipo akahama.

Kwa maneno haya matatu mstari ule wa hasara ungeandikwa hivi: “Ufukweni: vituo 4, vipande 24, kila kipande mara 3, jumla mara 72.” Mtu yeyote anayejua kuzidisha angeona kwamba saa 2 hazitoshi, na angeliona jambo hilo juma zima kabla ya siku yenyewe.

Lipo pia tofauti kati ya eneo na mandhari. Walimu wa fasihi wanalijua neno mandhari kama mahali na wakati ambamo kisa hutokea. Tuliache hivyo hivyo. Mandhari ni kile mtazamaji anachokiamini, mathalani nyumba ya mvuvi usiku. Eneo ni pale watu wa kazi wanapokwenda, mathalani bohari la chuo lililotundikwa nyavu. Dereva apewe eneo. Mpambaji apewe mandhari. Vijana wengi husema “lokesheni” kwa maana ya eneo, na neno hilo laweza kuendelea katika mazungumzo yao, mradi lisitumike kwa yote mawili.

Hatari ya kufasiri neno kwa neno

Katika miswada mingine ya namna hii tumekuta maneno yaliyozaliwa na kamusi badala ya kuzaliwa na kazi. Maelezo mafupi ya wazo la video, yanayoandikwa kabla ya jambo lolote, tumeyakuta yakiitwa “tiba ya video”, kwa sababu tu neno la Kiingereza linalotumika lina maana pia ya matibabu. Karatasi inayowaambia watu wafike saa ngapi tumeikuta ikiitwa “hati ya wito”. Mwanafunzi mmoja alipopelekewa nyumbani karatasi yenye jina hilo, mzazi wake alidhani kijana ameshtakiwa, na ni haki yake kudhani hivyo, kwani hati ya wito ni ya mahakama. Safari ya kwenda kulikagua eneo kabla ya siku ya kazi imeitwa “upelelezi”. Barua yenye neno hilo haifai kupelekwa karibu na bandari, daraja wala kambi yoyote. Na michoro inayoonyesha vipande mmoja baada ya mwingine imeitwa “ubao wa hadithi”, ingawa si ubao na aghalabu haina hadithi.

Katika yote manne, njia ilikuwa nyepesi. Tunapendekeza maelezo ya wazo, ratiba ya siku, ukaguzi wa eneo, na michoro ya vipande. Maneno haya hayana fahari. Fahari si kazi ya istilahi. Kazi yake ni kumfikisha msomaji kwenye kitendo kilichokusudiwa kwa njia fupi iwezekanavyo.

Mtayarishaji na prodyuza

Kamusi ingeweza kuyaweka maneno haya mawili mstari mmoja kama visawe. Katika kazi, hata hivyo, yamekwisha gawana majukumu. Katika muziki wetu wa sasa prodyuza ni yule anayekaa studio akautengeneza mdundo na kuurekodi wimbo. Katika filamu mtayarishaji ndiye mwenye dhamana ya fedha, vibali, chakula na usafiri. Katika video ya wimbo watu hawa wawili hukutana, na barua iliyoandikwa “kwa prodyuza” huenda ikamfikia mtu asiyejua lolote kuhusu kibali. Tunashauri mgawanyo huo uheshimiwe: prodyuza abaki studio, mtayarishaji abaki na mfuko na barua, naye mwongozaji awe ndiye mwenye sauti ya mwisho juu ya kile kamera inachokiona. Neno la kukopa na neno la asili yanaweza kuishi nyumba moja, kila moja na chumba chake.

Saa, jua na maji

Kuhusu saa, tunatoa shauri moja lisilohitaji mjadala. Katika ratiba ya siku, kila wakati uandikwe kwa Kiswahili na sehemu yake ya siku: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 10 alasiri. Ikiwa lazima kuandika pia namba za simu na kompyuta, ziandikwe pembeni kama nyongeza, kamwe zisiachwe peke yake. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 tu kusini mwake. Kwa hiyo mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Saa ya Kiswahili huhesabu kuanzia hapo jua linapochomoza, na kwa mpiga picha hilo ni jambo la manufaa. Saa 1 asubuhi humwambia kwamba jua lina saa moja tangu kutoka, mwanga ni laini na vivuli ni virefu. Saa 6 mchana humwambia kwamba jua liko juu ya vichwa na macho ya mwimbaji yatajaa kivuli.

Kwa wanaopiga ufukweni, lugha ya mabaharia ina hazina nyingine. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Nyakati za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu yaweza kuzidi mita 3. Katikati ya nyakati hizo huwa ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hujaa alasiri, ndiyo saa ambayo kila mwongozaji huipenda kwa ajili ya mwanga wake. Anayepanga kupiga mchezo wa watu 20 juu ya mchanga mpana saa 10 alasiri ya bamvua atakuta mchanga umekwisha. Wanafunzi waandike katika ratiba “bamvua” au “maji mafu” kando ya tarehe. Maneno haya hayahitaji kuundwa, yanahitaji kukumbukwa tu.

Wimbo elekezi

Jambo moja huitenga video ya wimbo na filamu nyingi: sauti huwa imekwisha rekodiwa studio kabla kamera haijawashwa. Siku ya upigaji wimbo hupigwa kwa spika, na mwimbaji huufuatisha kwa midomo. Vijana huita jambo hili “pleibeki”. Neno hilo, lakini, limepata sifa mbaya jukwaani, ambako lina maana ya mwanamuziki anayejifanya anaimba. Mbele ya kamera hakuna udanganyifu, ni mbinu ya kazi. Tunapendekeza wimbo elekezi kwa ule unaosikika katika spika, na kufuatisha midomo kwa kile mwimbaji anachokifanya. Kitendo cha mhariri cha kuipatanisha picha na sauti ya studio kiitwe kulandanisha, neno ambalo watu wa kompyuta wamekwisha lizoea.

Istilahi hizi zikishikwa vizuri, hata mbinu ngumu hueleweka. Tuseme mwongozaji anataka mwendo wa polepole, lakini midomo ya mwimbaji ibaki sawa na wimbo. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 30 una sekunde 210. Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, video yake itakuwa na fremu 5,250. Sasa kamera iwekwe kupiga fremu 50 kwa sekunde, na wimbo elekezi uharakishwe mara mbili, ili uishe kwa sekunde 105. Mwimbaji ataimba kwa haraka kama mtu anayekimbizwa, na kamera itapata fremu 50 mara 105, ambazo ni zile zile 5,250. Zikionyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde zitachukua sekunde 210: midomo itaufuata wimbo sawasawa, lakini nywele, nguo na mawimbi vitakwenda polepole kama ndotoni. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili ubaoni kwa Kiswahili kitupu, na mwanafunzi wa hesabu akalithibitisha.

Barua kwa ofisi

Tumalizie na watumishi wa serikali, ambao mara nyingi ndio wasomaji wa mwisho wa mpango. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitungwa wakati Bara haina televisheni, nayo imerekebishwa tangu hapo. Lugha yake ni ya filamu na michezo ya kuigiza. Mwanafunzi anayeandika “kichupa” au “kushuti” anamlazimisha afisa kukisia kama ombi lake liko chini ya sheria hiyo au la. Vivyo hivyo kwa kamera inayoruka. Wengi huiita droni, wengine ndege nyuki, na majina yote mawili yanatosha katika mazungumzo. Barua, hata hivyo, iandike “ndege isiyo na rubani”, kwa sababu jina hilo lenyewe humweleza msomaji kwa nini Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika. Na kwa kila mtu atakayeonekana katika video iandaliwe hati ya ridhaa. Akiwa mtoto, ridhaa itolewe na mzazi au mlezi wake. Tumependelea “ridhaa” kuliko “ruhusa”, kwa kuwa ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, na ridhaa hutolewa na mwenye nafsi yake.

Istilahi zinazopendekezwa

Picha mnato: picha iliyoganda.
Picha jongefu: picha inayotembea, ya filamu au video.
Fremu: picha moja ndogo katika mfululizo wa picha jongefu.
Kipande: sehemu moja ya video kama ilivyokusudiwa.
Mara: zamu moja ya kuwasha na kuzima kamera kwa ajili ya kipande.
Kituo: mahali kamera na taa zake zinaposimamishwa.
Eneo: mahali halisi pa kazi.
Mandhari: mahali na wakati wa kisa kama mtazamaji anavyoviamini.
Maelezo ya wazo: muhtasari wa video kabla ya kupangwa.
Michoro ya vipande: michoro inayoonyesha kila kipande kwa mfuatano.
Ratiba ya siku: karatasi ya nyakati, watu na vifaa.
Ukaguzi wa eneo: safari ya kulitazama eneo kabla ya kazi.
Wimbo elekezi: wimbo unaosikizishwa ili mwimbaji aufuatishe.
Kulandanisha: kuipatanisha picha na sauti.
Hati ya ridhaa: maandishi ya mtu anayekubali kuonekana.

Hitimisho

Wale wanafunzi waliandika mpango wao upya. Waliomba kibali kwa picha jongefu, wakataja watu na vifaa vyao, wakapewa siku nyingine. Waliandika saa kwa Kiswahili, na vipande vya ufukweni wakavigawa kwa siku mbili kwa kamera ya kuazima tena. Walipata vipande 22 kati ya 24. Viwili vilizuiwa na mvua, ambayo hakuna istilahi inayoweza kuizuia.

Hatudai kwamba maneno tuliyoyapendekeza ndiyo ya mwisho. Yapo yatakayokubaliwa na watu wa kamera, na yapo watakayoyakataa kwa kuwa wao ndio wanaoyasema kwa sauti, juani, wakiwa na haraka. Tunawaomba walimu wayajaribu na wanafunzi wao, na watafsiri wayapime katika nyaraka zao, kisha watuandikie ni wapi yalisaidia na ni wapi yalikwama. Neno lililokwama lina faida kwetu kuliko neno lililosifiwa bila kutumika.